Aliyemwita Léonie

Shule ile ya wasichana ya Lubumbashi ilikuwa na wasichana wa aina mbili: wa animasyoni na wa mabenchi. Wa animasyoni walivaa vitenge vyenye sura ya Kiongozi, wakaimba na kukata viuno kila mkubwa wa Chama alipopita mjini, na wakichelewa darasani walimu walicheka tu. Wa mabenchi walifua vile vitenge, wakavipiga pasi, wakapanga viti vya wageni, kisha wakasimama kando ya ukuta kuangalia wenzao wakipigiwa makofi. Mwape alikuwa wa mabenchi. Mwalimu wa hesabu alikuwa amemfundisha tangu aingie pale, na bado alimwita "wewe wa pale".

Usidhani alikuwa mjinga. Alijua kila wimbo wa animasyoni, mbele na nyuma, kuliko wengi waliouimba. Ila alikuwa na sauti ya kujificha, na watu wakishazoea kutokukusikia, hata ukisema hawasikii. Nyumbani kwao Makomeno akiingia mlangoni, mama yake aliendelea kuzungumza na jirani kana kwamba ni upepo umesukuma mlango.

Aliyemwona ni mmoja tu, Kalaba wa nyumba ya pili. Walibatizwa siku moja, wakafundishwa katekisimu kwenye mkeka mmoja, na kila siku walirudi kutoka shuleni pamoja, Kalaba akisema, Mwape akicheka. Kalaba alikuwa wa animasyoni. Tena si wa animasyoni tu, alikuwa ndiye hasa: akianza kucheza, hata wapita njia walisimama.

Nyumbani Kalaba aliitwa Léonie. Lakini hilo lilikuwa jina la ndani. Tangu serikali ipige marufuku majina ya ubatizo, ati ni ya wazungu na Wazaire warudi kwenye majina ya mababu zao, mji mzima ulikuwa na majina mawili mawili. Mama akikuita barabarani, Kalaba. Akikuita ndani uje ule ugali wa bukari, Léonie. Watoto wadogo walijua tofauti hiyo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Walijua pia kwamba jina la ndani likiponyoka likatoka nje, anayekamatwa kwanza si aliyeita. Ni mwenye jina.

Basi ikaja siku ya kuchagua wa kwenda Kinshasa. Kikundi cha shule kilialikwa kwenye sikukuu ya Chama, kwa ndege, fikiria, kwa ndege! Kalaba alichaguliwa kuongoza. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Wenzake wakamzunguka, huyu anamkumbatia, yule anamfunga kilemba, na wote wakaanza kutoka naye kuelekea lango.

Mwape alikuwa amebeba benchi kichwani. Alimwita, "Kalaba." Hakuna aliyegeuka. Akamwita tena, "Kalaba, ningoje." Wapi! Kalaba alikuwa anacheka na binti mmoja wa tajiri ambaye wiki iliyopita tu alikuwa anamsengenya. Alitaka yule mtu wake ageuke, na alitaka wale wengine wajue kwamba yeye, wa mabenchi, anamjua Kalaba kwa jina ambalo wao hawalijui.

"Léonie!"

Sauti ilivuka uwanja wote. Mwape mwenyewe ilimshtua, hakujua anayo. Vigelegele vikakatika. Kalaba akageuka, na uso wake ulikuwa umepauka.

Sitwayeni Kalenga, yaani Raia Kalenga kama serikali ilivyotaka watu waitane, mkubwa wa nidhamu pale shuleni na mwakilishi wa vijana wa Chama, alitoka barazani akifunga kifungo cha juu cha abakosti yake, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai.

"Hilo jina ni la nani?"

"Ni yangu, sitwayeni," Kalaba alijibu. "Ya zamani."

"Ya zamani, na leo inaitwa? Nani amekuita?"

Kalaba alikuwa anamtazama Mwape usoni kabisa. Akashusha macho. "Sijue, sitwayeni. Sikuona muntu."

Kalenga alimvua kitenge pale pale mbele ya wote, Kalaba akabaki na sare yake ya shule. Akampa kupekupe, lile panga refu la kukatia majani, akamwonyesha nyasi za nyuma ya vyoo. "Utakata mpaka Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya bote. Siku hiyo, mbele ya banafunzi bote, utasema nani alikuita vile. Kama hausemi, unaenda kwenu, na hakuna masomo mu Zaire itakupokea."

Hayakuwa maneno matupu. Kalaba alikuwa mwaka wa mwisho. Baba yake, mtu wa reli, alikuwa amewaambia majirani wote kwamba binti yake atakuwa mwalimu. Yote hayo sasa yalining'inia kwenye mdomo wa Mwape, na Mwape aliufunga.

Kalenga akaanza kuwahoji wasichana wa animasyoni, mmoja mmoja, ofisini kwake. Walitoka wakilia. Mwape akasubiri zamu yake. Haikufika. Hakuna hata msichana mmoja wa mabenchi aliyeitwa. Kwa mara ya kwanza Mwape alishukuru kwamba haonekani, na papo hapo akaona aibu kwa shukrani hiyo. Usiku hakulala vizuri, mchana chakula kilimshinda. Alikuwa anajiambia: ulimi uliteleza, basi. Ulimi uliteleza. Alilirudia neno hilo mpaka likachosha, na bado halikukaa.

Alimpelekea Kalaba maji kwenye kikopo. Viganja vya Kalaba vilikuwa vimechubuka, kimoja amekifunga kitambaa. Mwape alikuwa amepanga kusema pole. Kilichotoka ni kingine.

"Utanisema?"

Kalaba alikunywa maji yote kwanza. "Nikuseme ya nini, wangu? Ulimi inateleza kwa kila muntu. Unafikiri mama yangu haijamuponyokaka?" Akamrudishia kikopo. "Enda. Bataanza kukuangalia na weye."

Ee Mungu. Afadhali angemtukana. Mwape aliondoka na kikopo chake, na kila hatua alijichukia. Mtu anachubuka mikono kwa ajili yako, na wewe swali lako la kwanza ni kama utapona!

Nyuma ya jengo alimkuta Kunda, mwenzake wa mabenchi, msichana mfupi mwenye kupenda kukaa peke yake. Kunda alikuwa anapanga viti vya salongo.

"Mi nilikusikia siku ile," Kunda alisema bila kuinua kichwa. "Sisi bote ba mabenchi tulikusikia. Tulikuwa pale pale."

Mwape alishika ukuta. "Na juu ya nini haukusema?"

"Kwa nani? Nani ameniulizaka kintu hapa?" Kunda alikipiga kiti kofi kukitoa vumbi. "Kalenga iko anatafuta sauti kwa bale beko na sauti. Weye unaweza kunyamaza mpaka uzeeke. Hakuna atakujua."

Hakumtisha, alimwambia tu. Na hilo ndilo lililomuuma Mwape kuliko vitisho, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu kwa muda mfupi alilifurahia.

Jumamosi ikafika. Wanafunzi wote na majembe yao, walimu kwenye viti, na katikati yao Mama Prefe, mkuu wa shule, mama mzito asiyependa kelele. Bendera ikapandishwa, animasyoni ikaimba bila kiongozi wake. Kisha Kalenga akamsimamisha Kalaba mbele.

"Sitwayeni Kalaba. Mara ya mwisho. Nani?"

"Sijue, sitwayeni."

"Kusanya vitu yako."

Miguu ya Mwape ikatembea. Usiniulize aliipata wapi, yeye mwenyewe hakujua. Alitoka kwenye mstari wa nyuma, akapita kati ya majembe, akafika mbele. Kalenga akamtazama akakunja uso.

"Benchi zitabebwa kisha. Rudi."

Watu wakacheka. Mwape akasema, "Ni miye nilimuita."

"Nini?"

"Ni miye nilimuita Kalaba na ile jina."

Kalenga naye akacheka, na hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeletewa kichekesho asubuhi. "Weye? Ile sauti ilifika ku barabara. Weye hata bakisoma majina mu darasa haujibu." Akamgeukia Mama Prefe. "Iko anataka kuokoa rafiki yake. Sawa, iko na moyo muzuri. Rudi nyuma, mutoto."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na tusidanganyane, Mwape aliuona. Alikuwa amesema. Amekataliwa. Angerudi kwenye mstari wake akiwa ametimiza wajibu, Kalaba angeenda kwao, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Tayari mguu mmoja ulikuwa umerudi nyuma. Akamwona Kalaba amesimama na kitambaa chake mkononi, akimfanyia ishara ya kichwa: nenda, nenda.

Mwape akavuta pumzi.

"Léonie!"

Aliita kwa nguvu zake zote, jina lenyewe lililokatazwa, mbele ya bendera, mbele ya Chama, mbele ya abakosti. Akaita tena. Nje ya ukuta akina mama waliokuwa wanaenda sokoni na mabeseni yao walisimama. Mwalimu wa hesabu aliinuka nusu kwenye kiti. Cheko lote likamtoka Kalenga usoni.

"Ni ile ile sauti," mtu alisema nyuma. Alikuwa Kunda. Alikuwa ametoka kwenye mstari. "Mi nilimusikia. Nilikuwa pale na benchi."

"Na miye," akasema wa pili.

"Na sisi bote," wakasema wengine, na wasichana wa mabenchi wakaja mbele, mmoja mmoja, wale ambao walimu hawakuwa na majina yao. Walimu walianza kuulizana kwa kunong'ona, huyu ni nani, na yule.

Mama Prefe aliinua mkono pakawa kimya. Akamgeukia Mwape. "Ulisahau kama ile jina imekatazwa?" akauliza.

Neno alilolizoea lilikuwa tayari mdomoni. "Ulimi iliteleza, Mama Prefe."

Hukumu ilikuwa fupi. Kalaba arudi darasani, ila nafasi ya Kinshasa amepewa mwingine, imekwisha. Mwape aende kwao hadi mwaka ujao. Na wale wa mabenchi wote wakate nyasi zilizobaki. Kunda alienda kuchukua kupekupe akiwa ameinua kichwa, nusura acheke.

Habari zilifika Makomeno kabla ya Mwape. Alipoingia uani, mama yake alinyamaza katikati ya mazungumzo, akasimama, akamvutia kiti. Jirani akamwita shujaa. Baba wa Kalaba, yule mtu wa reli, alikuja na kofia mkononi, akamshika bega. Watoto wa mtaa walichungulia kwenye ua kumwona msichana aliyempigia kelele mkubwa wa nidhamu. Maisha yake yote Mwape alikuwa ametamani saa kama hiyo. Sasa ilikuwa imefika, na kila sifa ilimchoma. Alitamani ardhi ipasuke.

Jioni Kalaba alikuja na sahani ya bukari na sombe ya majani ya muhogo, imefunikwa. Waliketi kwenye ngazi ya nyuma, mahali pao. Kalaba alikuwa mwepesi tena, anasema kama zamani, kwamba Kinshasa si kitu, mbu wake ni wakali, kwamba Kunda amemchekesha mpaka machozi. Kisha akamshika mkono kwa kile kiganja chake kilichochubuka.

"Aksanti, wangu. Muntu mwingine, na makosa ya bahati mbaya vile, angalikaa kimya."

Hakuna aliyekuwa anamlazimisha. Hapakuwa na mkuu, hapakuwa na bendera. Angeweza kusema si kitu, wakala, wakaendelea kuwa marafiki mpaka uzeeni.

"Haikukuwa bahati mbaya," Mwape alisema. "Ulimi haikuteleza. Ulikuwa unaenda na bale bengine, na mi nilijua ile jina itakurudisha. Nilijua na ubaya yake. Nikaita."

Kalaba hakuutoa mkono wake mara moja. Aliuacha pale kidogo, kama mtu aliyesahau ameuweka wapi. Kisha akauchukua, akaupangusa kwenye sketi.

"Asubuhi ulisema iliteleza."

"Nilidanganya."

Ndani mama yake Mwape alikuwa anamsimulia jirani mwingine habari yote upya, kwa sauti ya juu, na kumtaja binti yake kwa jina. Kalaba alisikiliza hadi mwisho.

"Hii," akasema, "ungeninyamazia."

Akasimama, akazunguka nyumba, akaenda kwao. Mwape alibaki na sahani magotini. Hakumwita.