Benchi Linalofuata Kivuli

Pale kando ya barabara ya Singida, Dodoma, kuna jengo la ofisi la ghorofa saba ambalo kivuli chake kinashika muda kuliko watumishi wake. Asubuhi kinalala upande wa magharibi, kirefu mpaka mtaroni. Saa sita kinajikunja kusini, chini ya madirisha. Alasiri kinahamia mashariki, na hapo ndipo watu hukumbuka kwamba siku imekwisha na barua zao bado ziko ndani.

Wanaofuatilia barua husubiri nje. Loisi, muuza chai ya tangawizi, husubiri nao, maana wao ndio wateja wake. Mwaka wa kwanza alinunua mwavuli, upepo wa Julai ukaupindua. Akanunua wa pili, upepo ukaondoka nao moja kwa moja, mpaka leo hajui uliko. Upepo wa Dodoma hauna adabu. Wa tatu hakununua. Nyuma ya jengo aliona viti vya ofisi vilivyotupwa, migongo imevunjika lakini magurudumu mazima. Alimwomba mlinzi, akapewa vinne. Fundi wa kuchomelea akayafunga magurudumu chini ya ubao mrefu uliobaki kwenye ujenzi, na chupa ya chai ikafungwa mwishoni kwa mpira wa tairi. Akili ni mali, na Loisi hakuwa na mali nyingine.

Tangu hapo, kila jua linapogusa magoti ya watu, Loisi husema, "Jamani, tuhame." Husimama mwalimu, husimama mjane, husimama kijana mwenye tai na shahada mbili, wote wakashika ubao na kusukuma taratibu. Magurudumu huvuma kwenye saruji. Mtu akikaa hapo siku nzima huona mji ukizunguka polepole mbele yake, vumbi, bodaboda, mlima kwa mbali, na yeye ametulia, hana haraka na chochote. Wapo waliokwisha kupata barua zao ambao bado huja kukaa. Mimi siwashangai.

Mwezi Mei Loisi alimleta baba yake. Mzee Nathanaeli alikuwa mfugaji upande wa Bahi, na ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe wote. Mkewe alikwisha kutangulia. Nyumba yenyewe, paa lilikuwa limeanguka. Loisi alimpa kitanda chake katika chumba cha kupanga huko Nkuhungu, yeye akalala chini. Mzee hakulalamika hata siku moja. Kila jioni alisema neno lile lile, kwa upole, "Ijumaa nitarudi nyumbani."

Na Juni alirudi kweli. Walimkuta siku ya tatu amekaa katikati ya zizi tupu, midomo imepasuka kwa kiu, na mwenye bodaboda mmoja akambeba mpaka barabarani. Loisi alijua kwamba akienda tena peke yake, yeye atamfuata kwenda kumzika. Alilijua hilo usiku na mchana. Basi akawa anakwenda naye kazini.

Wiki ya kwanza mzee alikaa mwisho wa benchi, fimbo katikati ya magoti, akiitikia shikamoo na kutazama mabasi ya Bahi yakipita. Wiki ya pili, kabla Loisi hajasema tuhame, mzee aliinuka mwenyewe, akazunguka nyuma ya watu na kupiga mluzi mwembamba. Ulikuwa mluzi wa kuwaondoa ng'ombe majini. Watu wakasimama. Wengine walicheka kidogo, lakini walisimama, na benchi likaenda. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyewahamisha. Watu walinenepa moyo kwa kuchungwa. Dorothea, mjane aliyefuatilia mafao ya mumewe, alisema ni mwaka wa tatu hajaulizwa na mtu amelalaje.

Mzee hakuwahesabu. Kwao kumhesabu ng'ombe kwa kidole ni kumwitia mauti. Mchungaji hulitazama kundi mara moja, toka mwanzo hadi mwisho, na asiyekuwepo humwona.

Ijumaa moja alikuja na kifurushi cha shuka kwapani. Basi la Bahi likapunguza mwendo. Mzee akalitazama benchi, akabaki amesimama.

"Yule wa begi jekundu hayupo," alisema.

Alikuwa Respicius, mwalimu kutoka Bukoba, aliyefuatilia uhamisho wiki ya sita. Alikuwa amelala na malaria.

"Baba, basi linakuacha."

"Liache liende. Mtu haondoki kundi likiwa na pengo."

Loisi aligeukia ukutani akafuta macho kwa kanga. Jumatatu Respicius alirudi, amekonda, akapewa chai ya bure, na Loisi akajikuta anatamani angeugua wiki moja zaidi. Aliona haya kwa wazo hilo. Halafu akafanya alichozoea kufanya maishani, kutumia kilichopo.

"Mwalimu," alimnong'oneza siku ya Alhamisi, "nakuomba kesho usikae na sisi."

Mwalimu alielewa. Ijumaa ile hakuonekana, na mzee hakupanda basi. Ijumaa iliyofuata alikosekana Dorothea. Iliyofuata tena, kijana mwenye tai. Mzee alitazama, akatikisa kichwa, akaketi na kifurushi chake.

Ijumaa ya nne mambo yaliharibika. Ofisi ilitangaza kwamba barua zitatolewa siku hiyo, na nani angekubali kukosa? Walikuja wote, wakabanana kwenye ubao mpaka ukalia. Mzee Nathanaeli aliwatazama toka mwanzo hadi mwisho na uso wake ukakunjuka. Akachukua kifurushi. Kule chini basi la Bahi lilikuwa limeshaonekana.

Loisi aliweka glasi chini. Hakufikiri. Alizunguka kona, akaenda upande wa kaskazini, ambako mwezi Julai jua halibanduki na hakuna mtu anayekwenda, akajibanza kwenye ukuta wa moto. Mama wa miaka arobaini na moja, amejificha kama anacheza kombolela. Alilisikia basi likisimama. Akalisikia likiondoka. Alifumba macho, na moyo ukamwambia baba amekwenda.

Kisha akasikia magurudumu.

Lilikuja benchi zima. Mchungaji haachi kundi nyuma akimtafuta mmoja, hivyo mzee alikuwa amewaswaga wote, watu kumi na tatu wazima waliokuwa wakingoja barua zao, mpaka kwenye jua kali. Walisimama wamekunja nyuso, na hakuna aliyenung'unika. Respicius alitazama viatu vyake.

"Huku hakuna kivuli, mwanangu," mzee alisema.

"Najua, baba."

"Wale wa Ijumaa zile, ni wewe uliyewaficha."

Loisi alikung'uta vumbi la ukuta kwenye kanga.

"Mwalimu hajui kujificha. Alikaa kwa muuza vocha, begi lake nikaliona."

"Kama ulijua, mbona hukupanda basi?"

Mzee alipangusa jasho kwa mkono.

"Umenitafutia kitanda. Umenitafutia watu wa kuchunga. Akili hiyo ni ya mama yako, huna mpinzani. Lakini tangu Mei hujaniambia, baba, kaa. Mgeni asiyeambiwa akae, kila siku anaaga."

 Kwao binti hampangii baba yake mahali pa kuishi. Loisi aliona ni utovu wa heshima kulitamka, akadhani kitanda kimeshalisema. Miezi mitatu alikuwa amelizunguka neno hilo kama jua linavyolizunguka jengo. Alipiga magoti kwenye saruji iliyokuwa ikiunguza.

"Baba, nakuomba ukae kwangu. Siyo Ijumaa hii tu. Ukae."

"Chumba ni kimoja. Nitakulemea."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye."

 Dorothea alikuwa analia waziwazi, bila kujificha. Mwishowe mzee alisema, "Nimesikia," akamwinua bintiye kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akampa kile kifurushi ambebee.

Loisi alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akitegemea uzito wa nguo na vyombo vya safari. Kilikuwa chepesi mno. Alikibonyeza kidogo, asiamini. Hakukuwa na nguo, hakukuwa na kitu. Ilikuwa shuka tupu, imekunjwa na kufungwa fundo juu yake yenyewe.