Wimbo wa Dorca Kwenye Lori la Kampeni

Lori la kampeni lilipita mtaani kwetu Kondele saa ya chakula cha mchana, spika zimepangwa juu kama masanduku ya soda, vijana wa fulana za kijani wananing'inia ubavuni. Wimbo uliotoka humo nilikuwa nimeusikia mara moja tu maishani, kando ya kaburi, Sondu.

Aloo alikuwa kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio, ameketi juu ya kreti, ananisubiri nimalize kuchomelea kitufe cha saksafoni yake. Alisimama. Akatoka mpaka barabarani, bodaboda zinampigia honi, wengine wanamtukana, naye amesimama tu anasikiliza mpaka lori likaishia kwenye kona.

"Huo ni wimbo wa mama," akasema aliporudi.

Ulikuwa wa mama yake. Dorca aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Kondele mpaka mgongo ukapinda, na alipokufa tukampeleka nyumbani Sondu. Wiki ile ya msiba Aloo alitunga wimbo usio na maneno, akaupiga siku ya mazishi, na wanawake waliokuwa wanalia wakanyamaza kumsikiliza. Hakuupiga tena mbele ya watu. Sasa ulikuwa umewekewa ngoma chini yake na maneno juu yake: tumpe, tumpe, ziwa litajaa samaki. Nimeishi hapa chaguzi nyingi na hilo ziwa tumejaziwa samaki kila mara, kwa mdomo.

"Na anayepuliza ni Jacinta," Aloo akaongeza. "Nilimfundisha nyumbani kwangu, peke yake. Nikamwambia huu si wa jukwaani."

Kwa wasiomjua Aloo: alijifunza saksafoni kwenye bendi ya kanisa, wazee wakisema msichana atapasuka mashavu. Hakupasuka. Hoteli za mjini zikaanza kumwita, kwaya za Nairobi zikamwomba azitungie nyimbo, naye akakubali yote ila Jumamosi. Jumamosi ilikuwa ya watoto wa Kondele, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa, bure. Ala zilikuwa chache, kwa hiyo wengi walijifunzia pumzi kwa vipande vya mpira wa maji vilivyochomekwa faneli. Mwenzake katika bendi hiyo ya watoto alikuwa Owiti, mpiga ngoma. Walipatana tangu mwanzo: Aloo afundishe, Owiti aongee na watu. Basi Owiti akaongea na watu.

Tulimkuta ukumbini siku hiyohiyo, anafungua maboksi. Saksafoni mpya, zimelala kwenye vitambaa vyekundu.

"Nyar Sondu!" akamwita, ndivyo wanavyomwita binti wa Sondu wakitaka kumlainisha. "Njoo uone mali kwanza. Angalia hii inavyong'aa, wewe!"

"Owiti, nani alikupa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini? Wimbo ni wa bendi. Mheshimiwa wetu anayegombea ndiye katununulia hizi, aliusikia akalia. Haki ya Mungu, mwanamume mzima analia!"

"Ni wimbo wa kumzika mama yangu."

"Na mama amezikwa, apumzike. Sasa wimbo ukae naye huko chini ufanye nini?" Aliona amevuka mpaka, akashusha sauti. "Dada, sikiliza. Watoto walikuwa wanapuliza mpira wa maji. Mpira wa maji, Aloo! Nilipoona mlango nikaingia."

"Redioni wanasema umetungwa na nani?"

Owiti akakuna shingo. "Waliuliza nikiwa peke yangu pale. Nikasema mimi. Tutarekebisha uchaguzi ukiisha."

"Rekebisha leo."

"Leo haiwezekani. Mheshimiwa ameshatangaza kuwa ni wangu. Unataka aonekane mjinga?"

Aloo akageuka, akaelekea mlangoni. Tulipotoka nje aliniambia anachotaka ni kitu kimoja: watu wasikie wimbo ule ni wa nani. Pesa hataki, saksafoni Owiti abaki nazo.

Mkutano mkubwa wa kampeni ulikuwa Dunga, Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja ulio juu ya mahali mashua hutia nanga. Tulifika jukwaa limeshajaa. Watoto wa Aloo walikuwa mbele wamevaa kijani, Jacinta katikati, na Owiti nyuma kwenye ngoma. Maikrofoni ilikuwa kwa Waswa, mshereheshaji wa harusi na matanga, ambaye anaweza kumchekesha hata mfiwa.

Kwetu muziki una pakruok. Mtu akitaka sifa anainua mkono na noti, muziki unakatwa, anapewa maikrofoni ajisifu mbele ya watu wote, halafu muziki unarudi. Hakuna anayemkataza, hata awe mlevi. Aloo alisubiri wimbo wa Dorca uanze. Ulipofika katikati, akainua mkono.

Waswa alifurahi. "Simamisha! Simamisha! Kuna mrembo hapa ana maneno!"

Muziki ukakatika. Nilimwona Owiti akisimama nyuma ya ngoma zake.

"Mimi ni Aloo," akasema, na sauti haikutetemeka. "Binti wa Dorca aliyekuwa akiuza omena Kondele. Wimbo huu niliutunga mimi. Nilimzikia mama yangu nao. Owiti ameuchukua bila kuniuliza akauita wake, na leo mnauchezea kampeni."

Kisha uwanja ukalipuka. Miluzi, vigelegele, mtu akarusha kofia.

"Eeeh! Huyo ndiye Aloo!" Waswa akapaaza sauti. "Binti wa omena! Mwenye wimbo! Mwenye Owiti! Nani mwingine?"

Mchuuzi mmoja wa samaki, tumbo mbele, akamnyang'anya maikrofoni. "Mimi ndiye niliyelichimba ziwa hili! Nilipochoka nikawaachia Uganda kipande!"

"Na mimi," mama mmoja akadakia, "ndiye niliyemfundisha kiboko kuogelea!"

"Mimi nimewatungia malaika nyimbo zote, hata shukrani hawajatuma!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Aloo alibaki amesimama kati yao. Kwenye pakruok hakuna anayeulizwa ukweli. Kila mtu ni mwenye ziwa, kila mtu ni mwenye wimbo. Walimpigia makofi kwa moyo wote. Walidhani amejisifu vizuri.

Akapanda jukwaani. Nilimfuata mpaka ngazi.

"Jacinta, waambie."

Owiti aliwahi. "Mwalimu, shuka. Watoto wako kazini."

"Sijaongea na wewe. Jacinta?"

Msichana alikuwa ameikumbatia saksafoni mpya kwa mikono yote miwili. "Ticha, tafadhali," akanong'ona. "Usiniharibie."

Waswa akapiga kelele muziki urudi, na Jacinta akapuliza. Safari hii wimbo ulikwenda mpaka mwisho. Aliupiga vizuri, na hilo nalichukia mpaka leo. Kila mahali Aloo alipomfundisha kupunguza, alipunguza. Watu walicheza. Aloo alisimama kando ya jukwaa akasikiliza wote, kama mwalimu.

Tulikuwa tunatafuta bodaboda Jacinta alipotufikia mbio.

"Ticha, Jumamosi tuje saa ngapi?"

Aloo akamtazama.

"Owiti anajua ngoma tu," msichana akaendelea haraka. "Hawezi kutufundisha hizi mpya. Wadogo hata kushika hawajui."

"Wimbo ule ni wa nani?"

"Ni wako, ticha. Bendi yote inajua."

"Rudi ukaseme pale."

Jacinta akageuka kutazama jukwaa. Owiti alikuwa anacheka na watu wa fulana za kijani. "Atatunyang'anya saksafoni."

"Najua."

"Zote, ticha. Hata za wadogo."

"Najua, Jacinta."

Msichana alisimama akiuma mdomo, kisha akarudi kwenye lori taratibu. Aloo hakumwita.

Jumamosi watoto walikuja ukumbini na ala zao mpya, Aloo hakuja, wakapuliza wenyewe kelele zisizo na kichwa wala miguu, na jua lilipoinama wakaenda makwao. Jumamosi iliyofuata walikuja wachache. Sasa Kondele nzima inasema Aloo ana roho mbaya. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kibandani kwangu na redio yake mbovu, akaniuliza ni mwalimu gani anayewanyima watoto masomo kwa sababu ya wimbo tu. Nilimrudishia redio yake bila kuifungua. Alikuwa Dunga siku ile. Wote wanaomsema walikuwa Dunga, wakamsikia kwa maikrofoni akitaja jina la mama yake, wakapiga makofi, wakacheza.