Changu Mwenye Kiti

Mume wa Tazue hakuwa ametimiza hata siku arobaini na tisa tangu afe, na tayari jirani yake Nawata alikuwa anavimezea mate vyelezo vyao vya kufugia chaza. Katika ushirika wa wafugaji wa kisiwa kile kidogo cha Ghuba ya Hiroshima, kanuni ilitaka kiti cha kila nyumba, chenye kura yake, kishikwe na wa kiume aishiye katika nyumba husika. Asiye na kiti hana chelezo. Tazue hakuzaa mtoto wa kiume. Hakuzaa kabisa, na Nawata alihakikisha hilo limesemwa mkutanoni.

Basi mama wa watu akashuka kwenye chelezo chake, akavua changu mweusi wa miaka miwili, mmoja wa wezi wale wanaovunja chaza wachanga kwa magego, akambeba kwenye ndoo hadi mkutanoni. Mlitaka wa kiume aishiye nyumbani, akawaambia. Huyu hapa, na tangu jana analala jikoni kwangu, kwenye pipa la maji ya bahari. Majira yalikuwa ya samaki kuzaliana. Akambinya tumbo, maji meupe ya dume yakaruka mpaka kwenye chai ya mwenyekiti. Kumagai, mwenyekiti, mtu asiyependa makelele, aliisoma kanuni mara mbili, asione palipoandikwa binadamu. Akamsajili changu.

Tusidanganyane, samaki yule alihudhuria mikutano kuliko Nawata. Akipiga mkia ni ndiyo, akitulia ni hapana. Mwaka wa tatu, majani yakipukutika, Kumagai na Nawata waligombea uenyekiti, kura zikalingana, na Kumagai akapita kwa pigo moja la mkia.

Nawata akavuka hadi bara kumwona mwalimu wa mambo ya samaki. Alirudi akicheka peke yake. Majira ya kuzaliana yalipofika tena, aliomba changu abinywe mbele ya wote. Yakatoka mayai.

"Hawa huanza madume, wakikua, wengi wao hugeuka majike," alisema. "Sasa jamani, kiti cha nyumba ile kinashikwa na nani?"

Tazue aliitazama mikono yake. Miaka thelathini ya kufunga kamba kwa vidole vilivyokufa ganzi, imeondoka na mayai ya samaki!

Kumagai aliuliza kwa upole changu aligeuka lini. Nawata, kwa kujivunia elimu yake mpya, akajibu tangu kiangazi kilichopita, hakuna shaka. Yaani kabla ya uchaguzi. Kumagai akakuna shingo.

"Mimi nilichaguliwa kihalali," akasema. "Kwa hiyo jike anapiga kura hapa. Katibu, andika."

Katibu akaandika. Tazue alisubiri wino ukauke.

"Shemeji zangu," akasema, "kumbe miaka yote hii nilikuwa nabeba ndoo ya nini?"

Aliiweka ndoo sakafuni, akakaa kwenye kiti cha marehemu mumewe, na machozi yakamtoka hapo hapo, bila kuyaficha.

Jioni alimrudisha changu chini ya chelezo. Samaki hakuaga. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya karibu, akaanza kuwavunja chaza wa Tazue mmoja mmoja, naye akamwacha ale.