Mrashi wa Bimkubwa

Pipa la kung'arishia liliposimama, Mzee Mselem alitia mkono ndani ya maganda ya jozi yaliyopondwa, akautoa mrashi wa msikiti na kuupangusa kwa upindo wa kanzu yake. Aliuelekeza kwenye mwanga. Shaba ya manjano ilikuwa imejaa mikwaruzo kuanzia shingoni hadi kitakoni, na tumboni, palipochorwa jina la aliyeuweka wakfu, mstari mrefu ulikuwa umepita juu ya herufi, ukalikata jina la Bimkubwa binti Sefu kama kisu kilichoteleza.

Mrashi huo ndio uliokuwa ukiwanyunyizia watu marashi kila Maulidi katika msikiti wao, Mombasa. Kamati ilikuwa imemtuma Mzee Mselem, mfanyabiashara na msimamizi wa wakfu, atengenezewe Guangzhou, China, mirashi mingine ya mfano huo, kwa kuwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ulikaribia na safu za waumini zilikuwa zimeongezeka. Aliyeubeba mapajani safari nzima alikuwa Mwanakhamis, mjukuu wa Bimkubwa, aliyekuja kununua viatu vya duka lake. Asubuhi hiyo, kabla ya kwenda masoko ya Liuhua, alimkabidhi mzee.

"Ami, wakautazame tu na kuupima," alisema. "Mtu asiutie kitu."

"Nenda, mwanangu. Uko mikononi mwangu."

Na mikono hiyo hiyo ndiyo iliyoutia pipani.

Hakuna aliyemwomba. Aliiona mirashi mipya imepangwa mezani inawaka kama jua, na ule wa zamani pembeni yake umefifia na kuwa mweusi kwa moshi wa udi, akauonea haya. Akawaza jinsi Mwanakhamis atakavyorudi aukute unang'aa, na jinsi yeye mwenyewe atakavyosifiwa. Wekesa, wakala wa mizigo aliyemleta kiwandani na kumtafsiria, alijaribu kumzuia.

"Mzee, uoshwe kwanza," alisema. "Mimi Nairobi nilifanya kazi kwenye duka la bunduki, tukiwajazia upya risasi walenga shabaha wenye leseni. Ganda la shaba halikuingia kwenye kalibu bila kuoshwa na kupanguswa. Chembe moja ya mchanga ikikwama mle ndani, kila ganda linalofuata linatoka limekwaruzwa. Pipa nalo ni hivyo hivyo. Hebu ona hapo shingoni, mchanga umejaa."

"Kuosha na kukausha ni mpaka magharibi. Mwanakhamis anarudi alasiri."

"Sawa, Mzee. Lakini risasi hazina hata kamati ya msikiti, na bado tuliziosha."

Mzee Mselem alicheka, kisha akamwashiria mwenye kiwanda awashe pipa.

Sasa mwenye kiwanda, ambaye Wekesa alimwita *laoban* kama wanavyoitwa mabosi wote wa mji ule, aliugeuzageuza mrashi, akasema maneno machache huku akitabasamu.

"Anasema hakuna shida," Wekesa alitafsiri. "Akiusugua mikwaruzo itoke, jina nalo litaondoka. Lakini kuna mpya hapa. Mchoraji wake atalinakili jina, herufi kwa herufi, na shingo wataitia moshi kidogo ionekane ya zamani. Kwa saa moja tu."

Mzee Mselem aliuchukua mmoja wa ile mipya, akaupima uzito mkononi.

"Nani atajua, Mzee?" Wekesa aliuliza, bila ubaya.

Alilijua jibu la swali hilo tangu akiwa mtoto wa chuo cha Kurani, na kwa kulijua aliona aibu kubwa zaidi. Alijua pia kwamba kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, wala msimamizi hana ruhusa ya kukibadilisha kwa siri ili ajisitiri. Mara ngapi amelisema hilo mbele ya watu, akiwakemea waliochukua mkeka mmoja wa msikiti! Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Na achore."

Alasiri, katika mkahawa wa barabara ya Huanshi Zhonglu, Mwanakhamis aliingia na mifuko ya viatu mikono miwili, jasho likimtiririka.

"Wallahi nimetukanwa kwa Kichina leo, na mimi nikawajibu kwa Kimvita!" alisema, akaketi. "Haya, Ami, nipe amana yangu."

Mzee Mselem alifungua mkoba. Mrashi wa kweli ulikuwa chini, umefungwa kwa gazeti. Alitoa ule wa juu.

Mwanakhamis aliupokea kwa mikono miwili. Alipitisha kidole juu ya jina, taratibu, na macho yakamlowa.

"Wameusafisha! Sijapata kuliona jina la bibi wazi namna hii. Tumsomee Fatiha, Ami. Ongoza wewe."

Wekesa aliacha kula, akatazama sahani yake.

Mzee Mselem alikunjua viganja. Alisoma aya ya kwanza, akasoma ya pili, na alipofika pale mja anapoomba kuongozwa njia iliyonyooka, alikwama. Alijaribu tena. Akakwama pale pale.

"Ami? Unaumwa?"

"Huo si wa bibi yako," alisema.

Akaufungua mkoba, akalifungua lile gazeti, akauweka mrashi wa kweli mezani. Alimweleza yote: pipa, mchanga, haraka yake, onyo la Wekesa, na mchoraji. Hakumtaja *laoban* kwa lawama, wala hakusema kwamba alishauriwa.

Mwanakhamis aliutazama mrashi uliokwaruzwa, kisha akausukuma ule mpya upande wa pili wa meza, kama mtu anayeondoa sahani iliyoingia nzi.

"Mkwaruzo ningeusamehe kabla sijaketi," alisema. "Lakini ulikunjua mikono, Ami. Ulitaka nimwombee bibi yangu juu ya uwongo."

"Ndiyo."

"Nami ningeubeba mapajani mpaka nyumbani."

"Ndiyo, mwanangu."

Alitoa simu yake, akabonyeza, akamwekea mbele. "Huyo imamu wetu. Kule bado asubuhi. Zungumza naye."

Sauti ya imamu ilikuja kutoka mbali, yenye bashasha, ikiuliza hali ya safari na ya biashara. Mzee Mselem aliitikia salamu, akamweleza kwamba mrashi wa wakfu umeharibika kwa kosa lake.

"Umetoboka?" imamu aliuliza.

"Haukutoboka. Umekwaruzika, na jina limekatwa."

"Basi rudi nao kama ulivyo, Mselem. Kwa mkwaruzo haujaacha kuwa wakfu. Na hiyo mipya imekamilika?"

"Imekamilika. Mmoja una jina la Bimkubwa."

Imamu akauliza, "Jina lake kwenye mpya la nini? Huo ulikuwa wa kufanyiwa nini?"

Mzee Mselem alimtazama Mwanakhamis, naye hakumwondolea macho. Wekesa alinyanyuka taratibu, akaenda kusimama mlangoni, ili asimwone mzee huyo akijibu.

"Nilitaka kuuleta mbele yenu," alisema, "na kuwaambia kuwa ndio ule wa zamani."