Sikio la Kocha

Uligeuza uso. Nilikuona. Siku ile mshale ulipompasukia fundi viatu mkononi, wewe uliinama ukafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka, na mwenzako akaanza kuulizia maji ya kunywa. Mimi sisahau, na hilo ndilo linalowaudhi. Nakumbuka nani alisimama wapi, nani alikohoa, nani alisema "bahati mbaya" kabla hata damu haijafika kwenye kiwiko.

Basi soma mpaka mwisho, kisha uniambie ni bahati.

Klabu yetu ya upinde unaijua, lakini acha nikuonyeshe tena, maana mazoea hupofusha. Uwanja mrefu nyuma ya ghala la mabati. Mabunda ya majani makavu yaliyobandikwa karatasi za shabaha, kila bunda kwenye fremu ya chuma. Chumba cha vifaa, mlango wake unakwaruza sakafu. Ndani kuna meza, kibano cha kushikilia manyoya yakigandishwa, gundi, kopo la nta, na ukutani rafu ya mishale ya klabu, ncha chini, manyoya juu, imesimama kama watoto wa shule.

Mishale yetu ni ya kaboni, vibomba vyembamba vyeusi. Mbao ikivunjika hukuonyesha jeraha. Kaboni hufa ndani kwa ndani. Ikigonga chuma cha fremu, au ikipigwa mkiani na mshale mwingine, hupata ufa usiouona, na huendelea kupendeza rafuni. Kisha siku moja unavuta upote, ile kamba ya upinde, unaachia, kibomba kinapasuka na kuwa miiba, na miiba yote inaingia kwenye mkono ulioshika upinde.

Ndiyo maana Kocha alituwekea sheria ya sikio. Haki yake nampa, aliiweka yeye. Shika mshale huku na huku, uukunje kidogo karibu na sikio, uzungushe, uukunje tena. Mzima hunyamaza. Wenye ufa huongea: kr, kr, kama mtu anakanyaga maganda ya mayai chumba cha pili. Ukiongea unavunjwa palepale, hakuna rufaa. Na siku ya mashindano, mtu harushi mshale wake mwenyewe. Mishale yote inaingia rafuni, aliyetengeneza vizuri ametengenezea wote, na kila mmoja anapewa ule ambao Kocha ameusikiliza na kumkabidhi kwa mkono wake.

Ilikuwa sheria nzuri. Halafu sikio likafa, sheria ikabaki.

Mnajua nyote. Mnajua tangu alipoanza kumtazama mtu midomo badala ya macho. Mnamtania nyuma ya mgongo wake kwa sauti kamili, maana hakuna hatari. Lakini kumwambia usoni, thubutu. Mzee wa watu, ametulea, atajisikia vibaya. Kwa hiyo kila mashindano anasimama mbele ya rafu, anakunja mshale sikioni, anafumba macho kama anasikiliza kinanda, na kila mshale unapita. Mwaka mzima hajavunja hata mmoja. Klabu gani hii ambayo mishale yake haizeeki?

Ule wa fundi viatu niliusikia mimi. Nilikuwa nyuma ya Kocha, nimeshika podo langu, akaukunja, nao ukasema waziwazi. Nikasema, "Kocha, huo umeongea." Hakugeuka. Akampa fundi viatu, akampigapiga begani. Wengine mliokuwa foleni mliusikia pia, msinidanganye, kuna aliyekunja uso. Nikaruka kuukamata, mwenyekiti wa klabu akanishika mkono. "Mama, usituharibie siku." Muda si muda tukasikia mlio kama tawi kavu, na fundi viatu amekaa chini, anatazama kiganja chake kama mtu anayesoma kitu asichokielewa.

Leo anashona soli kwa mkono mmoja na meno. Mkasema aliuweka mshale vibaya kwenye upote. Nikasema kwenye kikao kwamba Kocha hasikii, nikaambiwa sina adabu, nikafungiwa geti. Mlinzi ana amri. Ndiyo maana naandika.

Sasa yupo mtoto wa kaka yangu. Ninyi mnamwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa kuwa akilenga anaingia palepale. Anajifunza ushonaji. Mama yake ni binti wa Kocha, kwa hiyo yule mzee ni babu yake hasa, wa damu, anayemwita "mchumba wangu" na kumfichia karanga mfukoni. Siku chache baada ya fundi viatu kuumia, alikuja kwangu akakaa jikoni bila kuvua mkoba.

"Shangazi, nifundishe kutengeneza yangu."

"Hata ukitengeneza, itaingia rafuni."

"Si humo itaongezeka mizima michache?"

Tukasogeza masufuria.

Nilianza na kukata. Alikuja na msumeno wa baba yake, nikauweka chini ya kiti. Msumeno unachana nyuzi za kaboni, na ufa unaanzia hapo hapo, kwenye siku ya kuzaliwa ya mshale. Tunakata kwa gurudumu la kusagia, polepole, kitambaa chenye maji kikiwa kimezungushwa kwenye kibomba, na kingine tumefunga puani, maana vumbi lake likiingia kifuani halitoki.

"Shangazi, unafanana na jambazi wa benki."

"Jambazi mwenye gauni la maua. Kaza hapo, usitetemeke."

Akakaza. Tukalainisha mdomo wa kibomba, tukafuta ndani kwa spiriti, tukatia gundi, tukasukuma ncha huku tukiizungusha ili gundi ienee. Kisha manyoya: mawili meupe, moja la njano, na la njano lazima litazame nje, mbali na upinde, la sivyo mshale unajikwaa ukitoka. Nyoya la kwanza aliligandisha kwenye kidole gumba chake.

"Basi nimeshakuwa kuku," akasema, akakipeperusha.

"Kuku hapewi gundi tena. Leta hapa."

Nilimwonyesha kupaka nta kwenye upote na kuisugua kwa vidole mpaka ipate joto, na kupitisha pamba kwenye mbawa za upinde, zile pande mbili zinazopinda. Pamba ikinasa, pana mpasuko. Weka chini, usibishane nao. Alishika haraka, mikono yake imezoea kusikia kitambaa. Mshale wake wa kwanza ulipokauka akaukunja sikioni. Kimya. Akacheka peke yake.

Ndipo nikampa mwingine, mshale wa klabu nilioondoka nao siku ile ya kufungiwa. Kwa macho ulikuwa mzuri kuliko wake. Akaukunja. Kr. Akautoa sikioni, akautazama, akaurudisha tena. Kr, kr.

"Shangazi, yote rafuni iko hivi?"

"Si yote. Ingekuwa yote ingekuwa rahisi."

Akauweka mezani, mbali, kama unavyoweka kitu kinachoweza kuamka.

Alikwenda kwa babu yake na mishale yake mipya. Alinisimulia mwenyewe baadaye, ameegemea beseni la vyombo. Mzee alifurahi mno. Aliishika mmoja mmoja, akaisikiliza yote kwa macho yaliyofumbwa, akasema mjukuu wake amekuwa fundi. Akaipanga rafuni katikati ya mingine. Kisha Sindano akachomoa mshale mmoja wa zamani, akaukunja mbele yake, ukaongea kwa sauti ambayo hata paka angegeuka. Mzee akaupokea, akaukunja sikioni mwake, akangoja.

"Mzima huu, mchumba wangu," akasema, akaurudisha mahali pake.

"Nawe ukanyamaza?" nikamuuliza.

"Alikuwa anatabasamu, Shangazi."

"Sindano."

"Ana nini kingine? Nyumbani wanamwekea chakula, wanamwashia redio, wanaondoka. Pale kwenye rafu ndipo watu wanapopanga foleni mbele yake. Nikamwambie hata hapo hafai?"

"Mwambie anafaa kukunja. Mwingine asikilize."

"Nimwambie mimi? Mjukuu wake?" Akafuta sahani iliyokwisha kukauka. "Nitarusha tu. Huenda nikapewa wangu."

Huenda. Msichana mwenye akili zake anauweka mkono wake kwenye huenda ili mzee asione haya. Haya hiyo nani amemfundisha, kama si ninyi?

Nikaenda kwa kaka yangu. Alikuwa anarekebisha kitasa, bisibisi mdomoni.

"Yule ni baba mkwe wangu," akasema, akitoa bisibisi. "Unataka niende nimwambie nini? Kwamba ni kiziwi?"

"Ndiyo. Kwa maneno hayo hayo."

"Wewe una mdomo, dada. Siku zote una mdomo."

"Na binti yako ana mikono. Mmoja wa kushikia kitambaa, mmoja wa kushonea. Unaweza kumchagulia upi wa kupoteza?"

Akarudisha bisibisi mdomoni. Aligeuza kitasa kile huku na huku muda mrefu, kilikuwa hakina ubovu wowote.

Nilikwenda kwa mwenyekiti, akanipa kiti na asiniulize nilichofuata. Nilikwenda kwa fundi viatu, nikadhani yeye angalau atakuja kusimama getini aonyeshe kiganja. Alinisikiliza huku akivuta uzi kwa meno. "Mzee alinitembelea," akasema. "Alilia. Nitamfanyaje mtu aliyelia?" Hata yeye. Wamemtoboa mkono na bado anawaonea huruma.

Leo ni siku ya mashindano ya kuchagua timu. Niko nje ya uzio wa waya, upande wa ghala. Namwona Sindano amefunga nywele, amevaa kinga ya mkono aliyoishona mwenyewe, ngozi nene kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Kinga ile haifiki kiganjani. Hakuna inayofika, huwezi kushika upinde ukiwa umefunikwa kiganja. Amepitisha pamba kwenye upinde wake, juu mpaka chini, kama nilivyomfundisha. Amepaka nta. Kila kilicho chake ni kizima. Kilichobaki kiko mkononi mwa babu yake.

Mlango wa chumba cha vifaa umeshakwaruza. Kocha amesimama mbele ya rafu na shati lake lililopigwa pasi. Anachukua mshale, anafumba macho. Anampa wa kwanza. Anachukua mwingine. Ninyi mko foleni, na kutoka hapa nawaona mnavyotazama kila kitu isipokuwa mkono wake na sikio lake. Nimeita. Mlinzi ameniomba, kwa upole, nisogee. Karatasi hizi nazipitisha kwenye waya moja moja nikimaliza kuziandika, nampa aliyenyoosha mkono, na wewe umenyoosha.

Sindano ni wa tatu kutoka mbele. Mimi nikiingia watanitoa kabla sijafika mlangoni. Wewe huna atakayekuzuia, unaruhusiwa kusimama mahali popote pale ndani.

Toka kwenye foleni. Pita mbele yao wote, ingia, simama pale ambapo Kocha anaweza kuona midomo yako, umshike mkono wenye mshale na umwambie polepole, bila kucheka na bila kumwomba radhi: Kocha, husikii. Kisha mwambie aendelee kukunja, na uweke sikio lako wewe karibu na mshale. Akilia, mwache alie, atakuwa amelia mikono ya watu ikiwa mizima. Usimngoje mwenyekiti. Usimtazame kaka yangu hapo pembeni, hataenda.

Sasa Sindano ni wa pili. Acha kusoma, nenda.