Kazi Yangu Ilikuwa Kukohoa

Mke wangu alipofeli mtihani hakulia. Alivua viatu mlangoni, akasema, "Kuna mwanamume alikaa pembeni yangu, anakohoa na kugonga kibodi kama anatwanga. Amenivuruga kichwa chote." Kisha akaingia chumbani, akajifungia.

Ni mtihani wa kuingilia chuo cha biashara, shahada ya pili, na chuo chenyewe kiko nchi nyingine. Yeye ni mkuu wa ghala la dawa. Mimi nanyoosha bodi za magari yaliyogongwa, na shule niliiacha kabla haijanizoea. Nilidhani yamekwisha, atarudi kazini na maisha yataendelea. Yeye akajiandikisha kuurudia.

Wiki hiyohiyo aliniita sebuleni. Meza ya kulia alikuwa ameisukuma mpaka ukutani. Upande mmoja kompyuta yake, upande wa pili kibodi ya zamani, waya unaning'inia, haujachomekwa popote.

"Kaa hapo," akasema. "Wewe ndiye yule mwanamume."

"Yupi?"

"Wa kikohozi. Nikifanya mazoezi, wewe gonga, kohoa, vuta makamasi, buruza kiti. Nataka nizoee."

"Kwa nini mimi?"

"Mume wangu, wewe ukipiga chafya jirani anafunga dirisha. Nimtafute nani mwingine?"

Tulicheka. Baada ya hapo hatukucheka sana.

Ikawa nikitoka gereji naoga, nakaa kitini. Kutwa nimegonga mabati, jioni nagonga vitufe visivyoandika kitu. Yeye macho kwenye skrini, midomo inachezacheza na hesabu. Zamani saa hizo ndizo tulizokuwa tunapiga soga: nani kagombana na nani ghalani, mteja gani kaniletea gari lililobinuka huku anaapa ni mkwaruzo tu. Sasa hata chakula kila mtu alikula kwa wakati wake. Nilikaa naye bega kwa bega kila jioni, na sikujua ameshindaje.

Jumapili moja mdogo wake alikuja, akanikuta nakohoa kwa bidii. Akanivuta jikoni.

"Shemeji, una akili kweli? Unamfundisha mtu njia ya kukuacha."

"Miaka miwili si kuachwa."

"Haya. Na akipata kazi hukohuko? Utamfuata na nyundo yako?"

"Afadhali aende amefaulu kuliko abaki ananinunia."

"Utakuja kula kwangu, nakwambia."

"Kwa mapishi yako? Bora nilale njaa."

Alinichapa na kitambaa cha vyombo. Lakini maneno yake yalinikaa kooni. Kesho yake nilikaa kitini nikashindwa kukohoa. Nikajikuta naongea.

"Leo kuna mzee kaleta gari la marehemu mkewe. Limepondeka ubavu mzima. Hataki linyooshwe. Anataka nifungue tu mlango uliokwama, aweze kukaa ndani."

Hakugeuza shingo. "Kwenye mtihani watu hawaongei."

"Nilitaka tu kukwambia."

"Utaniambia nikimaliza. Kohoa."

Nikakohoa. Alipomaliza alikuwa hoi, akaenda kulala. Hakuuliza, na mimi sikurudia.

Siku ya mtihani nilimsindikiza. Mlinzi alinizuia getini, nikakaa kwenye ukingo wa bustani ya maua pamoja na madereva waliokuwa wakisubiri mabosi wao. Kuna muda nilitamani afeli. Nikajitukana, nikatamani afaulu. Halafu lile la kwanza likanirudia, likakaa.

Matokeo hutokea kwenye skrini palepale. Nilimwona anatoka mbiombio, mkoba umefunguka, hajali.

"Nimezipita!" akasema. "Alama wanazotaka, nimezipita!" Akanirukia shingoni mbele ya mlinzi. "Na palikuwa na dada mmoja ana mafua, anavuta pua kama pampu. Wala hakunishtua!"

"Hongera, mama."

"Kazi yako hiyo."

Tuliingia mkahawa wa jirani. Hata hajakaa sawasawa, akaanza. Maneno yote aliyoyabana miezi ile yalitoka kwa mkupuo. Atakaa bweni la wanafunzi wakubwa, jiko ni la kushirikiana. Kule kuna baridi, itabidi atafute koti zito. Ghalani atamkabidhi funguo naibu wake, ingawa ni mvivu. Akaniigizia naibu anavyotembea, nikacheka mpaka machozi. Muhula wa kwanza takwimu, wa pili fedha, likizo atafanya mazoezi ya kazi kwenye kampuni ya hukohuko.

Nilikuwa nategea sikio nione kama na mimi nimo. Alitaja bweni, koti, naibu, walimu, na mimi simo hata pembeni. Hakuwa na ubaya. Furaha ilikuwa imemjaa, akasahau tu.

Mhudumu alikuja kuuliza tunakula nini. Nilimwashiria kwa mkono asubiri kidogo. Mke wangu alikuwa anaongea nami, na sikutaka akatizwe.