Kitambaa Chekundu cha Pampu

Mtu mgeni aliingia uani akisukuma toroli, na ndani ya toroli friji ilikuwa imelazwa chali kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali.

"Hodi wenyewe! Nimeambiwa hapa kuna fundi wa friji. Yuko wapi huyo mzee?"

Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa karakana yake, vidole kavitanua, anapuliza rangi ya kucha ikauke.

"Huyo mzee ndiye mimi," alisema. "Karibu. Lakini kabla hatujasalimiana, isimamishe hiyo friji. Friji hailazwi, kaka. Mafuta ya kompresa yanahama makazi."

Mgeni alimwangalia fundi, akaangalia zile kucha, akaangalia nywele zilizosukwa upya na kufika kiunoni. Kisha akaikumbatia friji yake na kuisimamisha bila ubishi.

"Samahani, dada fundi. Nimehamia juzi tu, nyumba ile ya tatu yenye geti la bluu. Sijui mtu, mtu hanijui. Nisaidie, nakuomba."

"Leo sifanyi kazi," fundi alisema, na alimaanisha. Jioni ile kulikuwa na onyesho la muziki uwanjani. Mwimbaji aliyempenda tangu akiwa shuleni, ambaye nyimbo zake alizijua mpaka mahali anapovuta pumzi, alikuwa anakuja kwa mara ya kwanza. Tiketi ilikuwa imechomekwa kwenye kioo chumbani, na kila alipopita aliigusa kuhakikisha haijaota miguu.

"Mke wangu anatoka hospitali leo jioni," mgeni alisema. "Mtoto kazaliwa kabla ya siku zake. Ni mdogo hivi, ukimwona utafikiri ni mkate. Akinyonya anachoka haraka, kwa hiyo mama yake anakamua maziwa, anamnywesha kwa kikombe kidogo. Sasa hayo maziwa yanataka baridi. Mke wangu kaniambia kwa simu, 'Bila friji nzuri mimi na mwanao hatutoki huku.' Na mke wangu akisema, kasema."

Alisema haya huku anacheka, lakini mkono wake ulikuwa unaipapasa friji kama anayeibembeleza.

Fundi alishusha pumzi. "Ina tatizo gani?"

"Imetengenezwa mara mbili. Inapoa siku chache, halafu inagoma."

"Aliyeitengeneza alivuta hewa kwanza kwa pampu?"

"Mh! Alijaza gesi tu, akaniambia Mungu akubariki."

Basi fundi akajua. Kuna unyevu ndani ya bomba, unafika kwenye kibomba chembamba, unaganda, unaziba njia. Si kazi ngumu. Ni kazi ya subira.

"Nenda kaandae nyumba," alisema. "Jioni, kabla hawajafika, friji itakuwa kwako na inapoa. Nitakaa nayo mwenyewe mpaka iishe."

"Ahadi?"

"Ahadi."

Jikoni, mama yake alikohoa kikohozi cha mtu aliyesikia kila kitu. "Haya, bibi onyesho. Kucha hizo zitaenda kumwimbia nani?"

"Nitawahi, mama. Bado asubuhi."

Akavaa ovaroli juu ya nguo yake. Akatoboa bomba, akatoa chujio la zamani, akachomelea jipya, akajaribu viungo vyote kwa povu la sabuni mpaka akaridhika kwamba havivuji. Kisha akaivuta pampu yake kutoka chini ya meza.

Ilikuwa pampu ya umeme ya kizamani, nzito, ya mkanda unaozunguka kati ya mota na gurudumu. Kazi yake ni moja: kufyonza hewa na unyevu kutoka ndani ya mabomba mpaka kusibaki kitu. Fundi aliitendea kwa heshima. Aliiweka karibu na dirisha lililo wazi, kwa sababu moshi wake wa mafuta haufai kuvutwa kifuani. Akachungulia kidirisha cha mafuta: yamefika katikati, na ni maangavu kama chai isiyo na maziwa. Akakagua waya, akakagua plagi na mguu wake wa tatu, ule wa kupeleka umeme ardhini mambo yakiharibika. Akafunga vizuri wavu wa chuma unaofunika mkanda. Hapo akakumbuka nywele zake.

Mkanda ule haukujua onyesho wala msusi. Nywele ndefu zikiponyoka zikapita penye wavu, ni balaa. Alitafuta cha kuzifungia, macho yakatua kwenye kitambaa chekundu kilichoning'inia msumarini, akazikusanya zote akazifunga fundo kubwa kisogoni. Akajiona kwenye mlango wa friji, akajipenda.

Kitambaa kile kilikuwa na kazi nyingine. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa swichi. Tangu pasi ilipounguza nusu ya meza miaka ile, mama hakuweza kupita penye kitu kinachowaka bila mtu asikizime. Alizima taa, alizima redio, aliwahi kuzima feni ya mchungaji katikati ya sala. Majirani walimwita Waziri wa Umeme. Kwa hiyo yeye na mwanawe walikubaliana: kitambaa chekundu kikifungwa kwenye swichi ya karakana, waziri haruhusiwi kugusa. Kisipokuwepo, ana madaraka kamili.

Fundi aliunganisha mipira kati ya pampu na friji, akafungua vali, akawasha. Pampu ikaguna, ikapaza sauti, kisha ikatulia kwenye mngurumo wake wa chini, na mshale wa geji, kipimo cha shinikizo la ndani, ukaanza kushuka. Alikaa kwenye kigoda, anasikiliza. Mambo yalikwenda vizuri kabisa.

Kisha shoga yake akaita getini. "We bibi harusi wa mafuta! Njoo uniambie, nivae viatu vipi, hivi au hivi?"

Ni hatua chache tu. Fundi alikwenda. Waliongea viatu, wakaongea watakaa upande gani, wakaimba kipande cha wimbo ambao fundi aliupenda kuliko zote, wakacheka. Katikati ya kicheko fundi akanyamaza.

"Nini?" shoga aliuliza.

"Sisikii pampu."

Alikimbia. Mama alikuwa anatoka karakanani, anajifuta mikono, ameridhika na nafsi yake.

"Nimekuzimia lile dude lako. Linaunguruma peke yake kama limefiwa."

"Mama! Kitambaa!"

"Kitambaa gani? Swichi ilikuwa uchi. Kitambaa si hicho kichwani kwako?"

Fundi alipeleka mkono kisogoni. Pampu ile ya zamani haina kizuizi ndani yake. Ikizimwa vali ikiwa wazi, ule utupu uliomo kwenye mabomba ya friji unageuka na kuvuta mafuta kutoka kwenye pampu. Alifunga vali, lakini amechelewa. Ndani ya mpira unaoonyesha ndani mafuta yalikuwa yamepanda mpaka kwenye friji, taratibu, kama yanajua yanakokwenda.

"Nimeharibu?" mama aliuliza, sauti imekuwa ndogo.

"Mimi ndiye niliyeharibu. Nilisema nitakaa nayo, nikaondoka."

Shoga alikuwa amefika nyuma yao. "Sasa itakuwaje?"

"Inabidi nisafishe mabomba kwa gesi kavu, nibadilishe chujio tena, nimwage mafuta ya pampu niweke mapya, nianze upya."

"Na onyesho?"

Fundi aliutazama ule mpira uliojaa mafuta.

"Shoga, sikiliza. Mjazie gesi tu. Leo itapoa, si ndiyo? Kesho unamwambia ailete, unarekebisha. Nani atajua?"

Ilikuwa kweli. Ingepoa, labda wiki nzima. Fundi aliiwaza njia hiyo, aliiwaza vizuri, tena kwa tamaa. Aliyajua mpaka maneno ambayo angemwambia yule kaka. Kisha akamkumbuka mtoto kama mkate, na friji inayonyamaza usiku watu wamelala, na maziwa yanachacha.

Aliingia chumbani, akaichomoa tiketi kwenye kioo, akampa mama yake.

"Nini hiki?"

"Nenda na huyu. Lakini usizime taa za jukwaa."

"Siendi popote! Mimi na uzee huu, nikatingishe nini huko?"

"Chochote kilichobaki," alisema shoga, akamshika mkono. "Twende, mama. Kiti kikikaa wazi ndiyo uchungu zaidi."

Mama alikwenda akigeuka nyuma kila hatua, kitenge chake kizuri kimefungwa upande.

Fundi alifungua kitambaa chekundu nywelani, akakifunga kwenye swichi mafundo mawili. Nywele akazifunga kwa mtandio mpya wa hariri alioununulia onyesho. Ulipata doa la mafuta kabla hata hajakaa. Akaisubiri pampu ipoe, akafungua koki ya chini. Mafuta yaliyotoka yalikuwa yameanza kuwa meupe kwa unyevu. Akajaza mapya mpaka katikati ya kidirisha. Akasafisha, akachomelea, akapima kwa povu, akawasha, na safari hii hakutoka.

Jua lilianza kuegemea dirishani ndipo simu ikalia. Kulikuwa na kelele za umati, na sauti ya mama yake ikipiga kelele kuliko umati. "Mwanangu! Unasikia? Ndio ule wimbo wako! Nimekaa mbele kabisa!"

Wimbo ulikuja umechanikachanika, ngoma nyingi, maneno machache. Fundi aliiweka simu juu ya friji, akaimba pamoja na mwimbaji, mpaka mahali pa kuvuta pumzi, jicho kwenye geji. Machozi mawili yalimtoka, akayafuta kwa kiwiko, akaendelea na kiitikio.

Wimbo ulipokwisha, mshale ulikuwa chini kabisa. Alifunga vali kwanza. Kisha akazima pampu. Kisha akakaa kimya kuutazama mshale, kwa maana kama kuna tundu lolote utaanza kupanda. Mshale ulisimama. Akausubiri zaidi ya alivyozoea. Ulisimama tu.

Akajaza gesi, akaiwasha friji, na ubaridi ukaanza kuchora ukungu ukutani mwake.

Mgeni alirudi na toroli, safari hii ametandika blanketi, na friji ikaenda imesimama wima kama mheshimiwa kwenye gwaride. Nyumbani kwake kulikuwa na kitanda, kiti kimoja na maboksi. Waliiacha itulie kidogo, wakaichomeka, na ikaitikia.

Teksi ilisimama getini kabla hawajamaliza kufurahi. Mke wa mgeni aliingia taratibu, kifurushi kifuani, mfuko wa vichupa mkononi. Hakusalimia mtu. Alifungua friji, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaushikilia humo.

"Baridi," alisema.

Kisha akavipanga vichupa, kimoja baada ya kingine, na ndipo akageuka. "Karibu, dada. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Mbona umependeza hivyo na mafuta usoni? Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Hapa," fundi alisema, akaomba kumwona mtoto.